Namna ya Kumuuguza Fereti Aliyezidiwa Wakati Ugonjwa Wake Haujajulikana

Fereti, yule mnyama mdogo wa jamii ya vicheche anayefugwa ndani ya nyumba nyingi za Uingereza, Marekani na sehemu nyingine za Ulaya, huwapa tabu sana wanaomuuguza kwa sababu maradhi yake mengi, yasiyohusiana kabisa, hujitokeza kwa dalili zilezile chache. Miguu ya nyuma hulegea, hamu ya chakula hupotea, mwili hukonda, usingizi huzidi, na mara nyingine husikika akisaga meno. Mtu akiziangalia dalili hizo peke yake hawezi kujua kama tatizo liko kwenye kongosho, moyo, tumbo, damu au misuli, na hata daktari aliyebobea hatasema neno la hakika kabla ya vipimo. Kwa hiyo ewe msomaji unayefuga mnyama huyu ughaibuni, usijitwike kazi ya kukisia jina la ugonjwa. Kazi yako ni kumfanya mgonjwa aendelee kuishi, awe na joto, maji na chakula, na wakati huohuo ukusanye habari ambazo daktari hawezi kuzipata ndani ya dakika chache za kumwona mezani.

Hali zisizongoja asubuhi

Chakula hupita tumboni mwa fereti kwa muda wa saa tatu hadi nne tu, na akiba ya nguvu mwilini mwake ni ndogo. Mbwa anaweza kukaa siku nzima bila kula na asidhurike sana. Fereti aliyekaa siku nzima bila kula yuko hatarini tayari. Usikubali ushauri wa kumwangalia kwanza kwa siku mbili tatu.

Mpeleke kwenye huduma ya dharura usiku huohuo ukiona ufizi umekuwa mweupe au wa buluu, anapumua kwa mdomo wazi, anatapika mfululizo, kinyesi ni cheusi na chenye kunata kama lami, mwili umepoa na haamki hata akiguswa, au ameshikwa na degedege. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka naye ni dharura ya saa chache. Mara nyingi tezi dume imevimba kwa sababu ya ugonjwa wa tezi za adrenali (tezi ndogo za homoni zilizo karibu na figo) na kuibana njia ya mkojo, na kibofu kisipofunguliwa sumu hujaa kwenye damu na moyo husimama. Mwenyewe huweza kudhani kwamba mnyama amefunga choo. Tazama sanduku la choo: kama mchanga ni mkavu wote tangu asubuhi, usipoteze muda.

Degedege na kuzimia vinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hatua ya kwanza huchukuliwa na wewe nyumbani. Kwa fereti aliyevuka miaka mitatu, sababu ya kwanza ya kushuku ni insulinoma, yaani vivimbe vya kongosho vinavyomwaga insulini bila kipimo mpaka sukari ya damu ishuke. Kabla ya degedege huwa kuna ishara ndogo ambazo mwenyewe hukumbuka baadaye: mnyama husimama ghafla katikati ya chumba akautazama ukuta kama asiyeuona, mate humtoka, na huupangusa mdomo kwa miguu ya mbele kana kwamba kuna kitu kimemnasa kwenye meno. Akianguka na kutukutika, ondoa vitu vilivyo karibu naye na usiingize kidole kinywani mwake, kwa kuwa atakiuma bila kujua. Chukua asali kidogo kwa kijiti cha pamba na uipake kwenye ufizi wa pembeni, ukirudia kidogokidogo mpaka fahamu zirejee. Akishaweza kumeza, mpe mara moja chakula cha nyama, kwa sababu sukari tupu huuchochea uvimbe umwage insulini zaidi, na baada ya muda mfupi sukari hushuka tena kuliko mwanzo. Kisha mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anatembea na anaonekana amepona. Asali si tiba ya ugonjwa huu, na kumwekea kwenye maji kila siku humdhuru.

Kumpata daktari anayemjua mnyama huyu

Si kila daktari wa wanyama anamjua fereti. Piga simu mapema, kabla ya ugonjwa ikiwezekana, na uulize maswali mawili ya wazi: je, mnawatibu fereti mara kwa mara, na je, mnaweza kumtoa damu na kumfanyia ultrasaundi hapohapo? Nchini Marekani, chama cha madaktari wa mamalia wadogo wasio wa kawaida, kinachojulikana kwa kifupi AEMV, kina orodha ya wanachama ambayo mtu anaweza kuitafuta kwa eneo. Katika majimbo ya California na Hawaii sheria hairuhusu kufuga fereti, na hofu ya sheria hiyo huwafanya baadhi ya watu wamfiche mgonjwa mpaka afe. Hilo ni jambo la kusikitisha sana, kwa sababu mnyama hakuchagua mahali pa kuishi. Ni afadhali kuipigia kliniki simu na kuuliza waziwazi kama watamtibu. Uingereza hakuna katazo la namna hiyo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mfugaji amkinge mnyama wake na maumivu, majeraha na maradhi.

Daftari la mgonjwa

Habari zilizoandikwa vizuri zinaweza kufupisha njia ya kuutambua ugonjwa kuliko kipimo cha gharama kubwa. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, weka bakuli juu yake, na umpime mnyama kila siku kwa saa ileile. Jike huwa na uzito wa gramu 600 hadi kilo moja, na dume kilo moja hadi mbili. Kwa mwili wa kiasi hicho, gramu 50 zilizopotea kwa siku chache ni taarifa kubwa, ingawa jicho halijaona mabadiliko yoyote. Kumbuka tu kwamba fereti wengi hunenepa kuelekea majira ya baridi na kupungua majira ya joto, kwa hiyo linganisha na uzito wake wa mwaka uliopita kama uliuandika.

Kinyesi kikague juu ya karatasi nyeupe kwenye mwanga wa dirisha. Cheusi cha kunata huashiria damu iliyotoka tumboni au kwenye utumbo wa juu, na kikiambatana na kusaga meno daktari atafikiria vidonda vya tumbo vinavyohusishwa na bakteria aitwaye Helicobacter mustelae. Cha kijani chenye utelezi huashiria kwamba chakula kinapita haraka mno. Huweza kuwa ni ile koronavirusi ya utumbo iliyoanza kutambuliwa kwa fereti wa Marekani mwaka 1993, lakini pia mnyama yeyote asiyekula hutoa kinyesi cha namna hiyo. Chembambamba kama uzi hunishtua zaidi kuliko rangi yoyote, kwa sababu huenda kuna kitu kimekwama: fereti hupenda kutafuna mpira, sifongo na soli za viatu, na kipande kidogo tu hutosha kuziba utumbo. Kabla hujaenda kliniki, zunguka nyumbani ukatazame vitufe vya rimoti, spika za masikioni na ndala.

Ufizi nao una mengi ya kusema. Uinue mdomo wa juu taratibu, bonyeza ufizi kwa ncha ya kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, mzunguko wa damu umedhoofu. Ufizi ukinata kwenye kidole, maji yamepungua mwilini. Ukiwa mweupe kabla hata ya kuubonyeza, damu imepungua, na kama mgonjwa ni jike asiyefungwa kizazi ambaye amekuwa kwenye joto la kutaka dume kwa wiki nyingi bila kupandwa, mwambie daktari jambo hilo kabla ya jingine lolote: homoni ya estrojeni inayobaki juu kwa muda mrefu huudumaza uboho wa mifupa mpaka ushindwe kutengeneza damu.

Andika pia saa alizokula na saa dalili zilipotokea, maana udhaifu unaokuja kabla ya mlo na kuondoka baada yake una maana tofauti kabisa na ule usiobadilika. Piga video ya kila tukio la ajabu, kwa kuwa wanyama wengi huchangamka wakifika kliniki na daktari haoni kitu. Taja kama kuna mtu nyumbani mwenye mafua, kama kuna fereti mgeni aliyeletwa karibuni, na chanjo zilifanywa lini.

Miguu ya nyuma inapolegea

Dalili hii ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa sababu akili huenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo au kiharusi. Uti wa mgongo huweza kuumia kweli, lakini mara nyingi zaidi miguu ya nyuma ya fereti huishiwa nguvu kwa sababu mwili mzima umeishiwa nguvu. Sukari ikishuka, miguu hiyo hulegea. Moyo uliotanuka na kushindwa kusukuma damu huleta hali hiyohiyo, na katika maeneo yenye mbu minyoo ya moyo inayowapata mbwa humwingia fereti pia, ambaye moyo wake ni mdogo kiasi kwamba mnyoo mmoja unaweza kumuua. Upungufu wa damu, saratani ya limfu, virusi vya ugonjwa wa Aleutia, hata maumivu makali ya tumbo, vyote huonekana kwa mtazamaji kama mnyama anayeburuta nyuma.

Kwa sababu hiyo, kama fedha ni chache, omba vipimo kwa mpangilio wenye mantiki. Sukari ya damu ipimwe kwanza, kwa kuwa ni rahisi na jibu hupatikana kwa dakika chache. Kiwango cha kawaida ni miligramu 90 hadi 125 kwa desilita, ambazo ni kama milimoli 5 hadi 7 kwa lita katika vipimo vya Uingereza. Kikiwa chini ya 60, yaani milimoli 3.3, pamoja na dalili nilizozieleza, insulinoma inakuwa na uwezekano mkubwa sana. Vipimo vya mkononi vilivyotengenezwa kwa ajili ya binadamu mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi kwa fereti, hivyo jibu la nyumbani lisikufanye uanze dawa. Daktari anaweza kutaka mgonjwa afunge kula kwa saa tatu hivi kabla ya kipimo; kufunga huko kufanyike chini ya uangalizi wake. Baada ya sukari hufuata hesabu ya chembe za damu na vipimo vya ini na figo, kisha eksirei au ultrasaundi ya kifua na tumbo.

Kuna mambo mawili yanayofaa kujulikana kabla ya kusoma majibu. Kwanza, wengu lililovimba huonekana kwa fereti wengi wa makamo na mara nyingi si ugonjwa wenyewe, kwa hiyo usikubali utafutaji ukomee hapo. Pili, dawa ya usingizi ya kuvuta, kama isofurani, hushusha kwa muda idadi ya chembe nyekundu, na sampuli iliyochukuliwa mnyama akiwa amelala inaweza kuonesha upungufu wa damu usiokuwapo; kwa hiyo uliza sampuli ilichukuliwaje.

Jambo jingine linalochanganya ni kwamba maradhi haya hupenda kuja mawili kwa pamoja. Fereti wa miaka mitano mwenye mkia uliopukutika manyoya na mwasho wa ngozi ana dalili za ugonjwa wa adrenali, ambao siku hizi hudhibitiwa kwa kipandikizi cha deslorelini kinachowekwa chini ya ngozi. Lakini kipandikizi hicho hakitamrudishia nguvu za miguu ikiwa ana insulinoma pia. Mgonjwa asipopata nafuu baada ya matibabu sahihi, usihitimishe kwamba daktari alikosea. Uliza kama kuna ugonjwa wa pili.

Kwa fereti mchanga hesabu hubadilika. Mnyama wa chini ya miaka miwili mwenye homa kali, anayelia akiguswa mgongo au mapaja, asiyetaka kusogea, na ambaye viuavijasumu havimsaidii, anaweza kuwa na uvimbe wa misuli ujulikanao kwa kifupi DIM, ambao madaktari wa Marekani walianza kuutambua mwaka 2003. Chembe nyeupe za damu hupanda sana kana kwamba kuna maambukizi makubwa, ila hakuna mdudu anayepatikana. Huthibitishwa kwa kukata vipande vidogo vya misuli kutoka sehemu kadhaa na kuvichunguza kwa hadubini. Zamani karibu wote walikufa. Sasa wapo wanaopona kwa mchanganyiko wa dawa unaochukua miezi mingi. Mwingine wa umri huo anayekonda huku akihisiwa mabonge tumboni huenda ana koronavirusi inayosambaa mwilini, ambayo hufanana na ile ya peritonitisi (uvimbe wa utando wa tumbo) ya paka. Magonjwa haya hayafahamiki kwa kila daktari, na si utovu wa adabu kumuuliza kwa heshima kama ameyafikiria.

Usimpe mgonjwa prednisoloni iliyobaki kabatini kutoka kwa fereti mwingine. Najua jinsi inavyouma kumtazama mnyama akizorota huku dawa iko karibu, lakini steroidi hiyo huficha alama za saratani ya limfu na za uvimbe wa misuli kabla ya kipande kuchunguzwa, na huweza kupunguza nguvu ya matibabu ya saratani yatakayofuata. Ikishaanza kwa maagizo ya daktari, nayo isikatizwe ghafla. Dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofeni na parasetamoli, zinaweza kumuua fereti hata kwa kipande cha kidonge.

Uuguzi wa nyumbani

Muondoe mgonjwa kwenye kizimba cha ghorofa na umweke mahali pa sakafu moja, pasipo ngazi, kitanda chake kikiwa chini na sanduku la choo hatua chache tu kutoka alipo. Sanduku liwe na ukingo mfupi upande mmoja. Mtilie chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, lakini aweze kuihama, kwa kuwa fereti huvumilia baridi kuliko joto, na chumba kilichofika nyuzi 30 kinaweza kumletea kiharusi cha joto. Asiyeweza kugeuka mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa chache, na manyoya yaliyolowa mkojo yasafishwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kukaushwa vizuri.

Chakula ndiyo kazi kubwa zaidi ya siku. Kuna vyakula vya wagonjwa vilivyotengenezwa kwa wanyama wala nyama, ambavyo huwa unga wa kukoroga kwa maji. Vikikosekana, chakula cha kopo cha paka wagonjwa au nyama ya kuku iliyosagwa kwa ajili ya watoto wachanga, isiyo na vitunguu wala wanga, hufaa kwa muda mfupi. Kipashe moto mpaka kilingane na joto la mwili, kwa kuwa harufu ndiyo inayomvuta. Mpe kwanza nafasi ya kulamba kidoleni mwako. Akikataa, mketishe mapajani akiwa ameegemea tumbo lako, kichwa kikiwa katika hali yake ya kawaida, kisha ingiza ncha ya bomba la sindano lisilo na sindano pembeni mwa kinywa, nyuma ya jino refu, na usukume matone machache kwa wakati mmoja ukingoja ameze. Mililita tano hadi kumi kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia, ni mwanzo mzuri mpaka daktari akuwekee kiwango. Kamwe usimlaze chali, maana chakula huingia kwenye mapafu. Usimlishe kwa nguvu asiye na fahamu, anayetapika, au anayeshukiwa kuwa na kizuizi tumboni kabla ya kuruhusiwa.

Asiyekunywa huhitaji maji chini ya ngozi. Daktari anaweza kukufundisha kuinua ngozi ya mabegani na kuingiza kiasi alichokipanga. Kwa siku chache utazoea, na mnyama huvumilia vizuri akipewa kitu cha kulamba wakati huohuo.

Dawa zenye uchungu zina shida yake. Kiuavijasumu metronidazoli, kwa mfano, humfanya fereti atoke povu, apige chafya na kukimbilia chini ya kochi mpaka mtu adhani amedhurika. Omba duka la dawa liitengeneze kwa ladha ya nyama au mafuta. Ukipewa kloramfenikoli, kiuavijasumu kingine, vaa glavu unapoishika, kwa sababu kwa baadhi ya binadamu huweza kuharibu uboho.

Mwenye mafua asimkaribie mgonjwa, au avae barakoa. Fereti huambukizwa mafua ya binadamu kwa urahisi kiasi kwamba mwaka 1933 watafiti wa London walivitambua virusi vya mafua yetu kwa kuwatumia wanyama hawa, na kwa fereti aliyekwisha kudhoofika mafua yanaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Uamuzi wa kumpumzisha

Wapo ambao hawatapona, na daftari lile husaidia hapa pia. Ongeza safu moja unayoandika kila jioni: je, leo alikula chochote kwa hiari, alijisogeza kwenda chooni, alikuja aliposikia sauti yako? Siku ambazo majibu yote ni hapana zikizidi zile nyingine, zungumza na daktari kuhusu sindano ya kumpumzisha, na umwombe amlaze usingizi kwanza kwa dawa ya kutuliza. Unaruhusiwa kukaa naye.

Ikiwa amekufa bila ugonjwa kujulikana, na hasa kama una fereti wengine nyumbani, omba mwili ukaguliwe kitaalamu. Uhifadhi kwenye friji, si kwenye friza, kwa kuwa barafu huharibu nyama na hadubini haitaona kitu, na uufikishe kliniki ndani ya saa 24. Waliobaki wapimwe uzito kila siku, wasipokee fereti mgeni, na vyombo na matandiko ya marehemu yatengwe mpaka majibu ya maabara yarudi.